Paka wa Nyumba Tano: Kijitabu cha Afya kwa Watu wa Nyumbani

Katika nyumba ya bibi yangu, mtaa wa Langoni, mjini Amu, palikuwa na birika la maji chooni, na ndani ya birika hilo waliishi visamaki vidogo ambavyo wazee wa zamani waliviweka humo ili vile mabuu ya mbu, nasi watoto tulikatazwa kuvigusa. Asiyesikia katazo lile alikuwa paka mmoja wa rangi ya majivu, mwembamba, mwenye shingo na miguu mirefu kama walivyo paka wengi wa Amu, ambaye kila alasiri alikaa juu ya ukingo wa birika, mkia ameuzungusha miguuni, akitazama chini kwa makini ya kadhi anayesikiliza mashahidi, na mara mojamoja akishusha mkono taratibu mpaka majini, akaurudisha, akaukung'uta, akaendelea kutazama. Sikumwona hata siku moja akipata samaki. Lakini siku alipotoweka, ndipo ilipodhihirika, baada ya watu kuulizana vizingitini, kwamba nyumba tano za kichochoro kile zilikuwa zikimlisha, kila moja ikimwita kwa jina lake, na kila moja ikidhani kuwa mwenyewe ni jirani.

Wahenga walisema paka wa nyumba haingwa, wala hawakutubainishia huyo paka wa nyumba ni yupi. Katika mji ambao mtu na punda hupishana kwa kujibana ukutani, ambao paa la huyu limeegemea dirisha la yule, mji uliotiwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001 kwa kuwa umehifadhi nyumba na desturi zake, mpaka baina ya paka wa nyumbani na paka wa kichochoro ni mstari ambao paka mwenyewe hajauona. Ndivyo ilivyo Amu, na ndivyo ilivyo katika Mji Mkongwe wa Unguja na katika Mombasa ya kale: paka hula kwa huyu mabaki ya changu, akalala barazani kwa yule, akazalia katika ghala ya wa tatu. Ana walishaji wengi. Mtu wa kumpeleka kupigwa sindano hana. Kijitabu hiki kimeandikwa kwa ajili ya paka huyo na kwa ajili ya watu wanaokaa naye, maana siha yake na siha yao zimefungwa kamba moja.

Si najisi, lakini

Mapenzi ya watu wa mwambao kwa paka yana mzizi katika dini kabla ya kuwa na tawi katika desturi. Sahaba aliyepokea hadithi nyingi kupita wenziwe alijulikana kwa lakabu ya Abu Huraira, yaani baba wa kijipaka. Na imepokewa kuwa Abu Qatada aliinamisha chombo cha maji ya udhu ili paka anywe, na mke wa mwanawe alipomtazama kwa mshangao akamwarifu kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, alieleza kwamba paka si najisi, kwani ni miongoni mwa wale wanaotuzunguka majumbani. Imepokewa vile vile habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwachie atoke ajitafutie riziki yake ardhini.

Hapa ndipo baadhi yetu tunaposoma nusu ya ukurasa na kufunga kitabu. Aliyetuhalalishia maji aliyoyanywa paka hakutuambia kuwa kinyesi chake hakina dhara. Mafakihi wenyewe huhesabu mkojo na kinyesi cha paka kuwa ni najisi ya kuondolewa mwilini, nguoni na mahali pa kusalia, na tabibu, akija nyuma yao na hadubini yake, huongeza sababu juu ya hukumu. Fauka ya hayo, habari ya yule mwanamke haitufundishi kumlisha paka tu: yeye alilaumiwa kwa kumweka mnyama chini ya mamlaka yake kisha akapuuza haja zake. Na haja za paka katika zama zetu si chakula peke yake.

Jino la paka

Jino la paka ni jembamba kama sindano, na wembamba huo ndio hila yake. Mbwa akiuma huchana, watu wakaona damu, wakataharuki. Paka akiuma hutoboa, tundu likajifunga juu upesi, na vijidudu vya kinywani mwake vikabaki chini, katika nyama na kano, ambako maji hayafiki. Kiganja kilichoumwa asubuhi huweza kuwa kimevimba usiku na kuwa chekundu na cha moto. Kwa hiyo jeraha la jino la paka mkononi, hasa karibu na kifundo cha kidole, hupelekwa kwa tabibu siku ile ile hata likionekana dogo, wala halingojwi litunge usaha.

Kubwa kuliko hayo ni maradhi ya kichaa cha mbwa, na jina lake limetudhuru, kwa kuwa wengi hudhani kuwa asiyeumwa na mbwa amesalimika. Ni kweli kwamba karibu 99 katika kila watu 100 wanaopatwa na maradhi haya duniani huyapata kwa mbwa. Lakini mbwa mwenye kichaa humwuma paka, na paka humwuma mtoto aliyetaka kumbeba. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa watu wapatao 59,000 hufa kwa maradhi haya kila mwaka, wengi wao katika Afrika na Asia, na kadiri ya wanne katika kila kumi ni watoto ambao hawajatimiza miaka 15. Kirusi hukaa katika mate. Kikiingia jerahani hushika njia ya mishipa ya fahamu na kupanda polepole kuelekea ubongoni, safari ambayo aghalabu huchukua mwezi mmoja hadi mitatu, na pengine chini ya hapo au zaidi ya mwaka. Dalili zikisha kudhihiri, yule mgonjwa kuogopa maji, kukabwa na koo, kuweweseka, tiba karibu haipo. Kabla ya kudhihiri, kinga ipo na inafanya kazi, na imekuwapo tangu tarehe 6 Julai 1885, siku ambayo Louis Pasteur, mjini Paris, alianza kumkinga Joseph Meister, mtoto wa miaka tisa aliyeraruliwa na mbwa. Mtoto yule aliishi.

Nakumbuka jioni moja ya kaskazi, mtoto wa jirani yetu, mwenye umri wa miaka minane, alimkamata paka shume chini ya ngazi kwa nia ya kumwonyesha dada yake, na paka akamtia meno kiganjani, akaruka, akapotelea darini. Wakaja watu wazima wanne na dawa nne. Wa kwanza alileta tumbaku, wa pili mafuta ya taa, wa tatu unga wa kahawa, na wa nne, ambaye naona haya kukiri kuwa ni mimi, alileta kitambaa cha kulifunga jeraha kwa nguvu. Mwenye akili miongoni mwetu alikuwa shangazi yake, mwuza mahamri, aliyetupita wote bila ya salamu, akamshika mtoto mkono, akamvuta mpaka penye mfereji, akachukua kipande cha sabuni ya mche na kuanza kuosha. Akafika mwisho, akaanza tena. Mtoto akawa analia, "Basi, shangazi, basi," naye akimjibu, "Bado, mwanangu, hesabu mpaka mia. Ukifika mia, hesabu tena." Katika zahanati ya kwanza walipokwenda, mtoto alibandikwa plasta na kuambiwa arudi nyumbani, kwa hoja kwamba paka si mbwa. Shangazi akatoka hapo akaenda kwingine, na huko akapata sindano.

Alilolifanya mwuza mahamri ndilo linalopasa kufanywa na kila nyumba. Jeraha la jino, au la ukucha lililotoka damu, huoshwa kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni kwa muda wa dakika 15 kamili, ambazo ni ndefu sana kwa mtoto anayelia na kwa mtu mzima anayetaka kukimbilia hospitali. Lakini sabuni huweza kukiharibu kirusi kabla hakijashika safari, na hakuna dawa ya kienyeji iliyo na fadhila hiyo. Usitie tumbaku, mafuta, pilipili wala majivu. Usilifunge kwa kulikaza. Kisha nenda kwa tabibu siku hiyo hiyo, mweleze ni mnyama gani, alikuwa na hali gani, na kama anajulikana. Chanjo hutolewa kwa awamu, na jeraha zito huongezewa dawa nyingine ya kinga inayotiwa ndani yake na pembeni mwake. Aliyepigwa sindano ya kwanza akaona hana homa wala maumivu, kisha akaacha zilizobaki, ameufunga mlango na kuliacha dirisha wazi.

Ama paka mwenyewe, ikiwa anajulikana na anaweza kuwekwa mahali salama bila ya mtu mwingine kuumwa, huangaliwa kwa siku 10. Akiwa hai na mzima siku hizo zikiisha, basi hakuwa na kirusi hicho mateni mwake siku aliyouma, na tabibu huweza kuamua kuzikatisha sindano zilizosalia. Hii ndiyo sababu ya kuwanasihi watu wasimwue paka kwa hasira pindi anapouma, kwani aliyemwua amejinyima shahidi. Paka aliyeingiwa na kichaa aghalabu hubadilika tabia: mpole hujificha gizani na kuruka juu ya watu bila ya sababu, mkali huwa mnyonge, sauti hugeuka ikawa ya kukwaruza, udenda humtoka, miguu ya nyuma hulegea. Ukimwona hivyo usimguse hata kwa huruma. Waite watoto ndani, umwarifu daktari wa mifugo.

Njia iliyo nyepesi kupita zote hizo ni sindano kwa paka mwenyewe, ambayo hupigwa akitimiza miezi mitatu na hurudiwa kwa vipindi atakavyovitaja daktari, kwa kawaida kila mwaka.

Mchanga, kinyesi na mama mjamzito

Sijui ni nyumba ngapi ambazo paka alitupwa nje siku ile bibi wa nyumba alipochukua mimba, kwa kuwa mtu fulani alisikia kwamba paka huharibu mimba. Neno hili lina chembe ya ukweli ndani ya gunia la khofu, na inafaa tuipepete.

Kipo kijidudu kiitwacho toksoplazma, kilichotambuliwa mwaka 1908 mjini Tunis na Charles Nicolle na Louis Manceaux ndani ya mnyama mdogo wa jangwani wa jamii ya panya. Na mpaka kufikia miaka ya 1970 ndipo wataalamu walipokubaliana kuwa kijidudu hicho hukamilisha uzazi wake katika utumbo wa paka na jamaa zake tu. Paka hukipata kwa kula panya, ndege au nyama mbichi yenye vijidudu hivyo, kisha hutoa mayai yake katika kinyesi. Mwanamke anayeambukizwa kwa mara ya kwanza hali ya kuwa na mimba huweza kumwambukiza mtoto tumboni, na mtoto akapata madhara ya macho au ya ubongo, au mimba ikatoka. Hiyo ndiyo chembe ya ukweli.

Sasa litazame gunia. Paka hutoa mayai hayo kwa wiki moja hadi tatu hivi baada ya maambukizo yake ya kwanza, na aghalabu haitokei tena maishani mwake. Mayai yakitoka hayana uwezo wa kuambukiza papo hapo. Huhitaji siku moja hadi tano yapevuke. Kwa hiyo sanduku la mchanga la paka likisafishwa kila siku, kinyesi huondolewa kabla hakijawa hatari. Kumpakata paka na kumpapasa manyoya si njia ya kawaida ya kuambukizwa, na watu wengi hukipata kijidudu hiki kwa nyama isiyoiva vizuri, kwa mboga zilizooshwa kwa haraka, na kwa udongo wa bustani, hata katika nyumba ambazo paka hajapata kukanyaga. Mjamzito ambaye amemtupa paka kisha akaonja nyama mbichi ya kababu kwa ncha ya ulimi, apate kujua kama chumvi imekolea, amemfukuza asiye mwizi na kumkaribisha mwizi.

Basi mama mjamzito na akae na paka wake, ila kazi ya kutoa kinyesi aifanye mume, na hapa wanaume wasitafute fatwa. Asipokuwapo wa kumsaidia, avae glavu, aifanye kazi hiyo kila siku, kisha aoshe mikono kwa sabuni. Nyama na iive mpaka ndani, mboga za majani zioshwe jani moja moja, ubao wa kukatia nyama uoshwe kabla ya kukatia kachumbari. Na aliye na shaka amwulize mkunga au tabibu anapohudhuria kliniki.

Watoto nao wana mashaka yao, na haya hutoka mchangani. Kinyesi cha paka huweza kuwa na mayai ya minyoo, na baadhi ya minyoo hiyo ikimwingia mtoto aliyetia vidole vichafu kinywani hutangatanga mwilini mwake, kwa nadra ikafika hata jichoni. Namna nyingine ya viluwiluwi vya minyoo hupenya ngozi ya mguu usio na kiatu na kuchora chini yake mstari mwekundu uliopinda, unaowasha usiku na kusogea kila kukicha. Rundo la mchanga wa ujenzi lililoachwa wazi kichochoroni, ambalo watoto huligeuza ngome mchana, ni msala wa paka usiku. Lifunikwe kwa turubai au kwa makuti. Ni kazi ya dakika tano, na sijui kwa nini huonekana nzito mno kwa mafundi wetu. Paka mkubwa apewe dawa ya minyoo kila baada ya miezi mitatu hivi. Vitoto vyake huanza mapema zaidi, vikiwa na umri wa wiki mbili au tatu, kwa kipimo cha daktari.

Ngozi na manyoya

Choa cha paka humwambukiza mtu, na huanza kwa duara lenye ukingo mwekundu mkononi au shingoni, au kwa mapunye kichwani mwa mtoto. Mtu na paka watibiwe pamoja, na matandiko yafuliwe, la sivyo watarudishiana maradhi kama watu wanaorudishiana sahani za futari. Viroboto huuma, tena kinyesi chao kikishikwa na ukucha wa paka hupanda kijidudu katika mkwaruzo, na baada ya wiki moja au mbili mtoto akapata homa na tezi za kwapani au mitoki ikavimba: mwambie tabibu kuwa nyumbani mna paka, maana asipoambiwa huweza kutafuta mbali. Mwenye pumu anayebanwa kifua kila paka anapoingia asilazimishwe kukaa naye chumba kimoja. Kinachomdhuru kimo zaidi katika mate ambayo paka hujipakaza manyoyani anapojilamba, wala kumnyoa hakusaidii.

Neno moja la hadhari. Dawa ya viroboto iliyoandikwa kuwa ni ya mbwa isipakwe paka kamwe, kwani nyingine zina pamethrini, ambayo mbwa huistahimili na paka humtia mitetemeko hata akafa. Na vidonge vya parasetamoli, tunavyovimeza kama njugu kila kichwa kinapogonga, ni sumu kwake hata kidonge kimoja.

Sahani yake

Imezoeleka kwamba paka hupewa maziwa, na picha ya paka na kikombe cha maziwa imo katika vitabu vyote tulivyosomea. Paka wengi wakisha kuacha ziwa la mama yao hupoteza uwezo wa kuyasaga maziwa ya ng'ombe tumboni, yakawaharisha. Maji safi yanamtosha, yabadilishwe kila siku, na katika joto la mwezi wa Februari yawekwe mahali pawili.

Paka ni mla nyama kwa umbile, wala si kwa ulafi. Wapo wanaomlisha wali mtupu au ugali uliochovywa mchuzi wakaona ameshiba. Lakini katika nyama na samaki mna kitu kiitwacho taurini ambacho mwili wake hauwezi kujitengenezea kwa kiasi kinachotosha, na akikikosa kwa muda mrefu macho hufifia na moyo hulegea. Dagaa waliorowekwa maji ili chumvi itoke kisha wakachemshwa, utumbo wa kuku ulioiva, vichwa vya vibua vilivyochemshwa na kuondolewa mifupa mikali: hivyo ni chakula cha heshima na si cha gharama. Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika vipande vyenye ncha, kwa hiyo asipewe. Samaki mbichi asiwe chakula chake cha kila siku, kwa kuwa baadhi ya samaki wana kitu kinachoharibu vitamini anayoihitaji kwa mishipa yake. Na mchuzi wetu wenye vitunguu maji na vitunguu thomu, ambao sisi hatuwezi kula bila yake, humharibu yeye chembe za damu.

Paka wa kichochoro

Sasa tumrudie yule wa nyumba tano, na wenziwe wasio na nyumba hata moja, wanaongojea asubuhi penye soko la samaki, mistari miwili, wakubwa mbele na wadogo nyuma, mpaka kisu cha mchuuzi kikate kichwa cha tasi na kukitupa.

Paka jike huweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano tu, yeye mwenyewe bado anacheza na mkia wake. Hubeba kwa muda wa siku 63 hadi 65 hivi, huzaa watatu, wanne au watano, na huweza kushika mimba nyingine hali ya kuwa ananyonyesha. Wengi katika watoto hao hufa kwa njaa, mafua ya macho na kuhara, na wanaosalia hupigana juu ya majaa, wakaumana, wakaambukizana. Anayetupa makombo kichochoroni kila jioni na asifanye zaidi ya hapo anaongeza idadi ya watakaokufa, ingawa moyo wake ni mwema. Nalisema hili kwa uzito, kwa kuwa miaka mingi nimekuwa mtu huyo.

Wapo wanaoona dawa ni sumu au gunia. Sumu kwanza haichagui: huliwa na kuku, na mbuzi, na mtoto anayetambaa, na hata sumu ya panya humfikia paka kwa njia ya panya aliyekwisha kuila. Pili, kichochoro kilichoondolewa paka bila ya kuondolewa jaa hakikai kitupu. Chakula kingalipo, na panya wangalipo, ambao mababu wa baadhi yao waliletwa na majahazi ya biashara karne nyingi kabla yetu. Basi paka wa mtaa wa pili huhamia, wageni, wasio na chanjo, na wakaanza kuzaa upya.

Lililothibiti kuwa lafaa ni kuwakamata, kuwahasi madume na kuwafunga kizazi majike, kuwachanja, kisha kuwarudisha pale pale walipotolewa. Paka aliyehasiwa hubaki akilinda mahali pake lakini hazai. Hupungua kupigana, hupungua kutanga usiku, na zile kelele za alfajiri, zinazofanana na kilio cha mtoto mchanga na zinazowaamsha watu kabla ya mwadhini, hupungua nazo. Wakati bado amelala kwa dawa ya usingizi, daktari humkata ncha ndogo ya sikio, mara nyingi la kushoto, ili aonekane kwa mbali kuwa amekwisha kutengenezwa, asije akakamatwa mara ya pili. Ukiona paka mwenye sikio lililokatwa sawasawa usimsikitikie: ile ndiyo hati yake.

Gharama ndiyo hoja, nami sitaidharau. Lakini sisi ni watu tunaojua kuchangishana. Tunachangishana kwa harusi, kwa maulidi, kwa sanda. Nyumba tano zinazomlisha paka mmoja, kila moja ikitoa kidogo mwisho wa mwezi kwa jirani mmoja mwenye daftari, huweza kwa kipindi cha mwaka kuwatengeneza paka wa kichochoro chote, wakianza na majike. Ulizeni kwa daktari wa mifugo wa serikali au kwa zahanati ya wanyama iliyo karibu ni lini kuna chanjo ya bure au ya nafuu. Kamateni kwa mtego wa tundu, si kwa mikono. Tundu likisha kujifunga lifunikeni kwa kanga nzito, kwani paka akiwa gizani hutulia. Walisheni mahali pamoja na saa moja maalumu, mabaki yaondolewe baada ya nusu saa, kwa sababu sahani iliyolala nje hulisha panya. Na jaa lisogezwe, lifunikwe.

Ukikuta vitoto vya paka peke yao ndani ya boksi au chini ya mtumbwi uliopinduliwa, usivichukue upesi. Mama yao huenda amekwenda kutafuta riziki na anakungoja uondoke ndipo arudi. Jitenge, ungoje saa kadhaa. Asiporudi, ama vikiwa vimekuwa baridi, jambo la kwanza ni joto, kabla ya chakula: chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa kitambaa. Kitoto kilicho baridi hakiwezi kusaga chochote, na ukikinywesha unaweza kukiua. Kikisha kupata joto, kinyweshwe maziwa maalumu ya vitoto vya paka yanayopatikana kwa daktari wa mifugo, kikiwa kimelala kifudifudi kama kinavyonyonya kwa mama yake, wala si chali kama mtoto wa binadamu.

Kichochoro chetu kilianza na paka mmoja, jike la rangi ya machungwa na weupe, lililokuwa limezaa mara mbili katika stoo ya mwuza mahamri. Siku tuliyolipeleka, watu watatu tuliandamana na tundu moja, kila mtu akitaka kulibeba. Daktari alifungua kadi ya chanjo, akatuuliza jina la paka, nasi tukataja matatu kwa wakati mmoja. Akatutazama, akauliza jina la mwenyewe, tukanyamaza. Mwuza mahamri ndiye aliyejibu: "Andika Langoni." Daktari akaandika.